Mikono Iliyokuwa Chini

Bi Kwanini aliiweka picha mezani kwa Mtendaji, akaigeuza imwelekee, kisha akagusa sehemu ya chini kwa ncha ya kalamu.

"Huyu mwenye kofia mapajani ni nani?"

Mtendaji wa halmashauri alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Kama mkutano ulitangazwa, jibu analo. Kama watu walitimia, jibu analo, tena na picha hiyo hapo, ukumbi umejaa pomoni na mikono iko juu. Sasa mtu anaiacha mikono yote hiyo, anauliza habari za kofia!

"Huyo ni muuza vigae. Mfanyabiashara wetu wa hapa hapa mtaani."

"Ndiye atakayepewa kiwanja cha choo cha soko?"

"Ndiye aliyeshinda zabuni. Kwa haki kabisa."

"Na siku hii wananchi walikuwa wanaamua apewe au asipewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona yeye hakunyoosha mkono?"

Mtendaji akaivuta picha karibu. Mwenyewe ndiye aliyeiweka kwenye faili, na inaelekea hakuwahi kuitazama chini ya mabega ya watu. Akakohoa, akatabasamu. "Ustaarabu huo, mama. Mtu hajipigii kura mwenyewe mbele za watu."

Jibu zuri. Bi Kwanini hakuwa na ugomvi na majibu mazuri. Aliyapokea yote, akaomba na mengine. "Na huyu jirani yake, naye ni mstaarabu? Na karani wako huyu? Na huyu shemeji yako?"

"Nani kakwambia huyo ni shemeji yangu?"

"Hakuna. Nimeona watu wote wamekalia mbao tupu, yeye kawekewa mto. Nikasema, huyu ana dada aliyeolewa pazuri."

Mtendaji hakucheka. Aliirudisha picha polepole kwa kidole kimoja. "Mama, wewe unawatazama waliokaa kimya. Sheria inawatazama waliosema. Alasiri ya leo tunakutana pale pale ukumbini, utatoa maoni yako mbele ya madiwani, na mimi nina imani utayatoa kwa busara yako kubwa inayojulikana nchi nzima."

Hapo Bi Kwanini akajua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Akashukuru, akachukua picha yake, akatoka.

Jina hilo la Bi Kwanini hakupewa kwa mapenzi. Walimpa wenzake wa idara ya malalamiko ya wananchi, watu waliochoka. Ukimwambia mvua inanyesha, anauliza kwa nini imeanzia upande ule. Ndiyo maana kesi hii, ambayo korido nzima iliikimbia huku ikishika pua, ilimwangukia yeye. Kesi ya choo. Hebu fikiria, mtu amesoma, ana kitambulisho cha serikali chenye muhuri, anatumwa kuchunguza choo!

Lakini choo chenyewe hakikuwa cha mzaha. Wanawake wa soko walikaa miaka wakijibana kuanzia asubuhi hadi jioni, wengine wakiacha kunywa maji ili wasije wakaadhirika. Ndipo wakaunda kamati yao ya kuifuatilia halmashauri, ambayo watu wanaiita Kamati ya Macho, na kamati hiyo ikaisumbua halmashauri kwa maswali mpaka choo kikajengwa, chenye maji na milango inayofunga. Sasa halmashauri inataka kukivunja na kumpa muuza vigae kiwanja ajenge ghala. Sheria yao wenyewe inasema kilichojengwa kwa ajili ya wananchi hakiondolewi mpaka wananchi wakubali, katika mkutano, kwa kunyoosha mikono.

Na mikono hiyo hapo. Na ulio juu kuliko yote, pembeni kabisa karibu na ukuta, ni wa mwenyekiti wa Kamati ya Macho, fundi cherehani mmoja anayejulikana kwa jina la Mama Mkasi. Mwanamke aliyekipigania choo kuliko wote, kasimama kanyoosha mkono kivunjwe! Wenzake sokoni wameandika malalamiko kwamba hawakukubali kitu. Basi kwa nini mlinyoosha mikono? Hapo kila mtu anakuwa bubu.

Dereva wake alikuwa anamsubiri kivulini, mwanamume mnene anayekaribia kustaafu, kiti kimelazwa nyuma.

"Vipi bosi, choo kimesemaje?"

"Aliyetaka kura hakupiga. Aliyeipinga ndiye aliyepiga kwa mkono mrefu. Kwa nini?"

"Mimi nimeoa mwaka wa thelathini huu," dereva akasema, akiwasha gari. "Mambo ya kinyumenyume nayaona kila siku, siulizi."

Dhana ya kwanza ya Bi Kwanini ilikuwa rahisi: picha ni ya siku nyingine. Watu walinyoosha mikono kwa jambo lingine, pengine kumchagua mtu, na Mtendaji akaichomoa picha kwenye kabati lake. Wakaenda ukumbini kuilinganisha na kuta.

Ukumbi ulikuwa wa bati bila dari, madirisha madogo yaliyowekwa juu mno, feni moja tu, nayo inazunguka kwa kujilazimisha. Jasho lilianza kumtoka dereva kabla hajakaa. Mwangalizi wa ukumbi, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni, aliitazama picha akaonyesha tangazo la chanjo ukutani. "Hili hapa nyuma ya watu, unaliona? Nesi alilibandika asubuhi ile ile ya mkutano. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi, akanikanyaga na kidole. Na baada ya hapo hatujafanya mkutano mwingine."

Basi picha ni ya siku ile. Dhana ya kwanza ikafa, na Bi Kwanini hakuilia. Alipenda dhana zife mapema kabla hajazizoea.

"Mzee, nyinyi hamna maji hapa?" dereva akalalamika kutoka nje. "Bomba lenu halina kishikio!"

"Kiliondolewa siku ile ile," mwangalizi akasema. "Mtendaji alisema linavuja. Halikuwa linavuja. Lakini mimi ni nani nimbishie Mtendaji?"

Bi Kwanini akalitazama lile bomba lililokatwa kichwa, kavu, na buibui keshaanza kujenga mdomoni mwake. Hakujua lina maana gani. Akalitia akilini hivyo hivyo, kisha wakaondoka kuelekea kwa Mama Mkasi.

Duka la Mama Mkasi lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa mbao, mashine mbili, na vipande vya vitambaa vimefagiliwa pembeni kwa rangi zake. Ukutani, kwa maandishi makubwa ya rangi nyekundu, palikuwa na maneno: MAJI TUNAKUJA NAYO.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Kanuni yetu." Mama Mkasi alikuwa mwembamba, miwani imefungwa uzi upande mmoja, sauti yake ya mtu aliyezoea kusikika nyuma ya ukumbi. "Kamati iliyotutangulia ililiwa kwa sahani moja ya chakula cha mchana. Waliitwa kukagua barabara, wakakaribishwa chakula kwanza, wakashiba, wakasaini. Barabara yenyewe ilikwenda na mvua ya kwanza. Sisi tulipoanza tukala kiapo, mimi nikiwaongoza: cha halmashauri hatuli, hatunywi. Kila mtu aje na chupa yake ya maji. Kanuni hiyo nimeiandika kwa mkono wangu, mwanangu."

Aliposema hivyo akaangalia pembeni, na Bi Kwanini akamwona.

Akamwekea picha juu ya mashine. "Mkono huu ni wako?"

"Wangu."

"Ulikubali choo kivunjwe?"

"Nife kwanza."

"Basi ulikuwa unanyoosha kwa ajili ya nini? Swali lililoulizwa lilikuwa lipi?"

Mama Mkasi alifungua mdomo. Kabla hajasema, mwanamke mmoja aliingia na mfuko, akasimama bila salamu, akasema anataka kitambaa chake. "Sijakishona bado, dada, ulisema Ijumaa." "Nipe hivyo hivyo." Akapewa. Mlangoni akageuka akasema bila kupandisha sauti, "Mungu anakuona, uliyeuza choo." Akaenda zake.

Mama Mkasi aliketi, akaanza kukanyaga cherehani, kitambaa kikapita chini ya sindano, kikarudi, kikapita tena.

"Mama, sindano haina uzi."

Mama Mkasi akasimamisha mguu. Machozi yalikuwa yamemjaa, na hasira zaidi ya machozi. "Sikumbuki swali," akasema. "Andika hivyo. Mwenyekiti hakumbuki."

Sokoni ikawa hadithi ile ile. Bi Kwanini alikwenda kwanza kukitembelea choo, akakuta safi, foleni fupi, mwanamke mmoja anamsimamia mwenzake meza ya nyanya ili naye aende kwa raha. Kisha akapita meza kwa meza. Waliongea! Walimsimulia mkutano mpaka viatu vya watu. Bibi mmoja muuza vitunguu, mdogo wa umbo na mkubwa wa mdomo, alimwigiza Mtendaji jinsi alivyochelewa kufika, alivyoingia anajifuta uso kwa leso nyeupe, alivyowaita "wapendwa wananchi". Meza zote zikacheka.

"Tulimsubiri mpaka tukachoka, mjukuu wangu! Jua utosini, bati linachemka. Mimi kidogo nianguke, walinilaza kwenye benchi wakanipepea na kandambili."

"Pole, bibi. Halafu mikono ikanyooshwa."

"Ikanyooshwa."

"Nani aliuliza, na aliuliza nini?"

Bibi akachukua kitunguu akaanza kukimenya, kitunguu ambacho hakuna mteja aliyekiomba. Mwenye nyanya akapanga nyanya. Mwenye ndizi akahesabu ndizi. "Tulinyoosha tu," bibi akasema mwishoni, macho kwenye kitunguu.

Kwenye gari dereva alitoa hukumu. "Wamekula hongo hao, bosi. Wote."

"Aliyekula hongo husahau mkutano mzima. Hawa wanakumbuka kila kitu mpaka kandambili, wanasahau swali moja tu. Kwa nini? Tena umewaona macho? Mtu mwenye hofu huangalia nani anamsikiliza. Hawa wote waliangalia chini."

"Basi wanaona haya."

Bi Kwanini akamgeukia. "Rudia."

"Nimesema wanaona haya. Hata mke wangu akivunja kikombe changu..."

"Twende kwa mpigapicha."

Mpigapicha alikuwa wa harusi na vitambulisho. Studio yake ilikuwa na pazia la bluu, kiti kimoja, na kompyuta yenye kioo kikubwa ambayo aliilinda kwa kitambaa cha meza. Alikuwa mtu wa adabu, na alianza kujitetea kabla hajashtakiwa.

"Mimi dada yangu niliitwa kazi. Nilipiga niliyoambiwa nipige."

"Uliambiwa upige nini?"

"Mtendaji aliniambia mapema, mlangoni kabisa, watu hata hawajaanza kuzungumza: mikono ikienda juu, piga, usisubiri. Nikapiga."

"Alijuaje mapema kwamba mikono itakwenda juu?"

Mpigapicha akakuna kichwa. Swali hilo hakuwahi kulifikiria, na sasa lilimkaa vibaya.

"Uliisikia hoja yenyewe?"

"Dada, mimi nikishika kamera masikio yanafungwa. Muulize mke wangu, harusi yetu sikusikia nilichoapa."

"Basi nifungulie picha hiyo iwe kubwa. Nataka wa mbele. Chini ya mabega."

Akaifungua. Mstari wa mbele ukajaa kioo: mto wa shemeji, viatu vya karani, tumbo la muuza vigae. Kila mmoja wao alikuwa amekifunika kitu. Karani amekumbatia faili kwenye magoti kwa mikono miwili. Shemeji amevuta koti. Muuza vigae ameshika kofia mapajani, ameibana pande zote mbili, na mtu anayepumzisha kofia haishiki hivyo.

"Karibu zaidi. Hapa ukingoni mwa kofia."

Kitu chembamba kilichomoza chini ya ukingo wa kofia. Kimepinda juu. Kina mistari myekundu na myeupe.

"Mrija," dereva akasema, na koo lake likacheza. "Huyo ana soda."

Bi Kwanini akasogeza uso karibu na kioo, kama kawaida yake jambo linapoanza kufunguka. "Twende nyuma. Sakafuni."

Nyuma, katikati ya miguu ya walionyoosha mikono, chupa za maji zilikuwa zimelala ubavu. Kila mtu na yake, ile ile waliyokuja nayo. Tupu zote.

"Sasa pembeni. Mama Mkasi. Uso wake."

Uso ukaja. Mkono juu, shingo imenyooka, macho yanawatazama watu, hayamtazami Mtendaji. Na mdomo wazi.

"Mzee," Bi Kwanini akamwambia dereva, "nina swali. Chukulia hapa tuko watu wengi, na wewe unataka kujua nani hajapata kitu fulani. Uliza."

"Niulize tu?"

"Uliza."

Dereva akajitengeneza, akapandisha sauti. "Haya jamani, nani hajapata?" Na bila kuambiwa na mtu, mkono wake mnene ukapanda juu ya kichwa chake.

Wote watatu wakautazama mkono ule. Mpigapicha akasema, "Lo!" Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mama Mkasi hajibu swali," Bi Kwanini akasema. "Analiuliza. Wa mbele hawakunyoosha kwa sababu wao walikwisha kupata, wakaambiwa wafiche. Na wa nyuma wanasema hawakumbuki, kwa sababu ukutani kwao wameandika maji tunakuja nayo."

Walimkuta Mama Mkasi anafunga duka kwenda kwenye kikao, amevaa gauni lake la kutokea. Bi Kwanini hakuzunguka.

"Mama, soda yako ilikuwa baridi?"

Ufunguo ulimdondoka. Aliinama kuuokota, na aliponyanyuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo uliomvunja mgongo.

"Baridi sana," akasema. "Mungu anisamehe, sijawahi kunywa kitu kitamu namna ile."

Akasimulia kwa haraka, maneno yakigombea mlango. Mtendaji alichelewa, maji waliyokuja nayo yakaisha, bomba halina kishikio. Bibi wa vitunguu kidogo aanguke. Ndipo Mtendaji akaingia na makreti, chupa zinatoa jasho, akaanza na wageni wake wa mbele. Watu wote wakamwangalia mwenyekiti wao. "Nikamwangalia yule bibi, midomo imemkauka. Nikasema, leo tu. Mimi, kwa mdomo wangu! Mtendaji akaniambia, mama, wewe ndiye wanayekusikia, hebu waulize nani hajapata. Nikauliza. Tukanywa. Akasema ajenda ya choo tutaizungumza siku nyingine. Tukaenda nyumbani tunacheka."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba Kamati ya Macho imenunuliwa kwa soda? Nani atatuogopa tena? Tukienda kuuliza dawa za zahanati ziko wapi, watatuambia kunyweni soda mkalale. Heri waseme nimeuza choo mimi peke yangu, kamati ibaki."

"Choo kikivunjwa, kamati itabaki ya kuangalia nini?"

Mama Mkasi akaupangusa ufunguo vumbi.

"Mama yangu, mficha uchi hazai. Mimi nina mrija. Nikisimama mbele ya madiwani na mrija peke yake, Mtendaji atasema mtu alikuwa na kiu, na kura ni kura. Swali waliloulizwa watu hawezi kulisema mwingine isipokuwa walioulizwa. Siwezi kuwasemea."

"Najua," Mama Mkasi akasema, akaokota mkoba wake. Mkobani, Bi Kwanini aliona, kulikuwa na chupa ya maji.

Ukumbi ulijaa alasiri ile kuliko siku ya mkutano wenyewe. Madiwani walikaa jukwaani. Mstari wa mbele walikaa wale wale, muuza vigae na kofia yake, shemeji na mto wake. Mtendaji aliiinua juu nakala yake ya picha, akaizungusha watu wote waione.

"Waheshimiwa madiwani, mimi sina maneno mengi. Wananchi waliulizwa, wananchi wakajibu. Hata mwenyekiti wao mpendwa huyu hapa. Penye wengi hapaharibiki neno."

Mwenyekiti wa kikao akamgeukia Bi Kwanini. "Mpelelezi, una lolote?"

Bi Kwanini alisimama, na alikuwa hajasema neno pale sauti ilipotoka pembeni, karibu na ukuta. Mama Mkasi alikuwa amesimama mahali pale pale pa kwenye picha.

"Mheshimiwa, naomba niwaulize watu wangu swali. Siku ile niliwauliza nani hajapata soda, na leo nataka kuwauliza tena mbele yenu." Mkono ukapanda. "Ni nani aliyekunywa soda ya halmashauri siku ile? Anyooshe mkono. Mimi wa kwanza. Nilikunywa, na kanuni niliiandika mimi."

Wanawake wa soko walitazama magoti yao, na kwa muda mfupi mbaya sana mkono wa Mama Mkasi ulikuwa peke yake juu ya ukumbi mzima. Bi Kwanini, ambaye katika kazi yake hasali, alijikuta anasali.

"Mimi nilikunywa mbili!" Bibi wa vitunguu alikuwa amepanda juu ya benchi ili aonekane. "Niliomba ya pili, nikapewa, nikaficha chupa kwenye mtandio! We mwenye nyanya, nyoosha mkono wako, ulikuwa ubavuni kwangu unacheua!"

Kicheko kikapasuka, na pamoja na kicheko mikono. Mwenye nyanya. Mwenye ndizi. Mwanamke aliyechukua kitambaa chake asubuhi alinyoosha mkono huku analia. Ikapanda nyuma, ikapanda katikati, ukumbi mzima ukawa mikono. Hata shemeji wa Mtendaji, mtu asiyependa kurukwa kwenye jambo lolote, akainua wake kutoka kwenye mto. Karani akamvuta shati, amechelewa.

"Mpigapicha," Bi Kwanini akasema, "mikono ikienda juu, piga."

Mpigapicha akapiga. Bi Kwanini akaichukua ile picha ya zamani mkononi mwa Mtendaji, akawapelekea madiwani, kidole chake kimeganda kwenye ukingo wa kofia. Diwani mmoja mwanamke akavua miwani, akaivaa tena, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huu si mrija?"

"Ni mkanganyiko tu, waheshimiwa," Mtendaji akasema haraka. "Watu walikuwa na kiu, ukarimu si kosa. Aliyeuliza ni mwenyekiti wao, si mimi!"

"Kweli kabisa," Bi Kwanini akasema. "Na kiu yenyewe, kwa nini iliwashika? Nje hapo kuna bomba. Kishikio chake kiko wapi?"

"Kiko kwa fundi. Linavuja."

"Kiko kwenye droo yako, bwana," mwangalizi wa ukumbi akasema kutoka mlangoni, funguo zikilia kiunoni. "Nilikiona jana nikifagia ofisini kwako, droo iko wazi. Na leo na mimi nimeambukizwa, najiuliza kwa nini."

Mtendaji alitafuta leso yake nyeupe mfukoni, akajifuta uso, akaketi bila kuombwa.

Mama Mkasi alikuwa bado amesimama. Aliushusha mkono, akajifuta macho kwa kiganja. "Mheshimiwa, kanuni nimeivunja. Baada ya hapa wenzangu wataamua kama naendelea au nakaa. Lakini swali ambalo hatukuulizwa siku ile, naomba tuulizwe sasa, mkiwa mnatuona."

Mwenyekiti wa kikao akatazama kulia, akatazama kushoto. Akauliza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kizito: "Ni nani anayekubali choo cha soko kivunjwe? Anyooshe mkono."

Mikono iliyokuwa ingali juu ikashuka. Ilishuka yote, taratibu, mmoja baada ya mwingine, mpaka hapakuwa na kitu juu ya vichwa vya watu isipokuwa feni. Kwenye mstari wa mbele, muuza vigae aliondoa mkono mmoja kwenye kofia. Ukapanda kidogo, ukafika kifuani. Akageuka akauona ukumbi uliokuwa nyuma yake, na mkono ukaenda kukuna shingo.

Mpigapicha alimtazama Bi Kwanini, kamera kifuani, hajui afanye nini. Maisha yake yote alikuwa anapiga picha za mambo yanayotokea.

"Piga," Bi Kwanini akamwambia. "Hiyo ndiyo yenyewe."